Kivinjari cha kila siku kwa anayejali faragha: tupime kwa vigezo gani?

Mleta uzi (Morogoro)

Wanajukwaa, habari za wakati huu.

Swali la kivinjari kinacholinda faragha limeulizwa sana humu, na mara nyingi jibu huwa ni jina tu: weka Brave, weka Firefox, weka Tor umalize kazi. Sababu hazitolewi, na muulizaji huondoka bila namna ya kukipima kivinjari kingine kitakapotoka mwakani. Naomba katika uzi huu tujadili vigezo kwanza, majina yafuate, kwa sababu hakuna programu katika simu inayomjua mtu kama kivinjari kinavyomjua: ugonjwa aliouulizia usiku wa manane, mkopo alioutafuta kwa siri, nafasi ya kazi aliyoiomba bila mwajiri wake kujua.

Vigezo vyangu ni viwili. Cha kwanza, kivinjari kinafanya nini siku ya kwanza, kabla mtumiaji hajagusa mipangilio yoyote. Cha pili, fedha za kukiendesha zinatoka kwa nani. Hicho cha kwanza nimekitanguliza kwa makusudi, kwa kuwa wengi wetu humu ndio tunaoletewa simu mpya na mama mdogo, shangazi au jirani ili tuwawekee programu, na tunajua kwamba tukishawarudishia, ukurasa wa mipangilio hawataufungua tena. Ulinzi unaotegemea mtu aingie sehemu tano na kuzima vitu saba ni ulinzi wa wachache.

Tuanze na namna tunavyofuatiliwa. Ukifungua tovuti ya habari, ukurasa unaouona hautoki kwenye seva moja. Pamoja na habari yenyewe, kivinjari chako huagizwa kuchota vipande kutoka kwa kampuni za matangazo, za takwimu na za mitandao ya kijamii, na kila moja inaweza kuacha kidakuzi chake (cookie, faili dogo la kukukumbuka) ndani ya simu yako. Kesho ukifungua tovuti ya kuuza magari yenye kipande cha kampuni hiyo hiyo, kampuni inakisoma kidakuzi chake na kutambua kuwa ni wewe wa jana. Hiyo ndiyo njia ya zamani, na ndiyo rahisi kuizuia.

Njia ya pili haiachi kitu chochote kwenye simu. Tovuti inauliza ukubwa wa kioo chako, lugha, saa za eneo lako, fonti ulizonazo na jinsi kifaa chako kinavyochora picha, kisha inaunganisha majibu yote na kupata alama inayokutofautisha na wengine. Mwaka 2010 taasisi ya Electronic Frontier Foundation ya Marekani ilichapisha matokeo ya jaribio lake la Panopticlick, ambapo kati ya vivinjari 470,161 vilivyopimwa, asilimia 83.6 vilikuwa na alama ambayo hakuna kivinjari kingine katika kundi hilo kilichokuwa nayo. Anayefuta vidakuzi kila jioni anafanya jambo jema, lakini alama hiyo inabaki pale pale.

Tukio lililonithibitishia umuhimu wa kigezo cha kwanza ni la Juni 2025, na ninashangaa kwamba halikuzungumzwa vya kutosha huku kwetu, ilhali linahusu simu za Android ambazo ndizo wengi wetu tunazo. Watafiti, wakiwemo wa IMDEA Networks ya Hispania na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, walionyesha kwamba programu za Facebook na Instagram zilizokuwa zimewekwa kwenye simu zilikuwa zikisikiliza kimya kimya kwenye milango ya ndani ya simu yenyewe (ports, njia ambazo programu zilizo ndani ya simu hiyo hiyo hutumia kuwasiliana). Ukifungua kwenye kivinjari tovuti yoyote yenye kipande cha ufuatiliaji cha Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, kipande hicho kilipeleka kitambulisho kwenye mlango huo wa ndani, programu ikakipokea, ikakiunganisha na akaunti yako yenye jina lako. Kufuta vidakuzi hakukusaidia, kwa sababu mawasiliano hayo hayakuvitegemea kubaki. Hali fiche (incognito) haikusaidia. Kutoingia kwenye Facebook kupitia kivinjari hakukusaidia, kwa kuwa ulikuwa umeingia tayari kupitia programu. Kampuni ya Yandex ya Urusi ilikutwa ikitumia njia ya aina hiyo tangu 2017. Meta iliacha siku ile ile taarifa ilipotoka hadharani.

Sasa angalieni upande wa vivinjari. Chrome iliathirika, pamoja na vingine vikubwa. Brave haikuathirika, kwa sababu tangu 2022 ilikuwa haiziruhusu tovuti kuwasiliana na milango ya ndani ya simu bila mtumiaji kukubali. Hakuna mtumiaji wa Brave aliyejua kuna mtego wa namna hiyo, wala hakuna aliyetakiwa kuzima kitu. Ulinzi ulikuwepo tangu siku aliyoiweka programu.

Kuhusu kigezo cha pili, Chrome inatengenezwa na Google, ambayo sehemu kubwa ya mapato yake hutokana na matangazo. Januari 2020 Google ilitangaza kwamba ingeviondoa vidakuzi vya makampuni ya nje katika Chrome ndani ya miaka miwili. Ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikaliacha wazo hilo. Safari ya Apple ilikuwa imevizuia vyote tangu Machi 2020. Sisemi kwamba wahandisi wa Chrome ni watu wabaya, na kwa upande wa usalama dhidi ya wadukuzi kivinjari hicho ni imara sana. Nasema kwamba kampuni inayouza matangazo haiwezi kuharakisha kuondoa kitu ambacho biashara yake imejengwa juu yake, na mtumiaji anayengoja iharakishe atangoja sana.

Firefox inatengenezwa na Mozilla, iliyo chini ya taasisi isiyo ya kibiashara, na tangu Juni 2022 toleo la kompyuta limekuwa likiviweka vidakuzi vya kila tovuti mahali pake, kila kimoja kikiwa kimetengwa, bila mtumiaji kuagiza. Hata hivyo, haizuii matangazo yenyewe hadi uongeze kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza ndani ya kivinjari), na sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka kwa Google ili injini yake ya utafutaji iwe ndiyo ya kwanza. Huo ni utegemezi usiopendeza na lazima usemwe. Pia Februari 2025 Mozilla ilitoa masharti mapya ya matumizi yenye maneno mapana kuhusu taarifa za watumiaji, watu wakalalamika, ikayaandika upya. Nimeendelea kuiamini, kwa sababu msimbo wake ni huria na kila mwenye ujuzi anaweza kuukagua, lakini sikuendelea kuiamini kwa macho yaliyofumbwa.

Brave ilianzishwa 2015 na Brendan Eich pamoja na mwenzake. Eich ndiye aliyebuni JavaScript na alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Mozilla. Inazuia matangazo na vifuatiliaji tangu mwanzo, na inaichanganya alama ya kifaa chako ili isisomeke sawasawa kila mahali. Fedha zake hutoka kwa matangazo yake yenyewe, ambayo unayaona ukikubali, na huduma kadhaa ikiwemo utafutaji. Inayo doa pia: Juni 2020 ilibainika kwamba ukiandika anwani ya soko moja la sarafu za kidijitali, kivinjari kilikuwa kikiongeza msimbo wa kuiletea Brave kamisheni. Eich aliomba radhi na jambo hilo likaondolewa.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Simu ya Android unayomwekea mtu ambaye hatagusa mipangilio, weka Brave. Simu yako mwenyewe, kama uko tayari kuitunza, weka Firefox pamoja na kiendelezi cha uBlock Origin, kinachozuia matangazo na vifuatiliaji. Kwenye kompyuta, Firefox na kiendelezi hicho hicho. Naomba kuwasilisha, anayeona tofauti aseme na sababu zake.

Mchangiaji (Mombasa)

Ahsante ndugu kwa uzi uliopangika. Nina swali moja ambalo naona umelipita. Huku kwetu watu wengi, hasa wenye simu ndogo, wanatumia Opera Mini kwa sababu moja tu, nayo ni bando. Ukimwambia kijana wa bodaboda aache Opera Mini aweke Firefox, atakuuliza nani atamlipia data. Je, faragha ni ya wenye bando kubwa peke yao?

Mleta uzi (Morogoro)

Ndugu yangu wa Mombasa, swali lako ni la msingi na nashukuru umelileta.

Opera Mini ilipoanza mwaka 2005 ilitatua tatizo la kweli, na njia yake ni hii: badala ya simu yako kwenda yenyewe kwenye tovuti, seva za Opera ndizo zinazokwenda, zinauchukua ukurasa, zinaubana uwe mdogo, kisha zinakutumia. Ndiyo maana bando linadumu. Lakini ili seva iweze kuubana ukurasa, ni lazima iusome, na ukiwa kwenye ile hali ya kubana zaidi, hata ukurasa uliosimbwa kati yako na tovuti hufunguliwa njiani kwenye seva hizo. Maana yake ni kwamba nenosiri unaloliandika kwenye hali hiyo linapita mikononi mwa mtu wa tatu. Sijasema kwamba mtu huyo analitumia vibaya. Nasema kwamba umemkabidhi, na watumiaji wengi hawajui kwamba wamemkabidhi.

Kuhusu gharama, jambo ambalo kijana wa bodaboda huwa hajaambiwa ni kwamba sehemu kubwa ya bando lake kwenye tovuti nyingi huliwa na matangazo, video zinazojiendesha zenyewe na vifuatiliaji. Kivinjari kinachozuia vitu hivyo hakivipakui kabisa, kwa hiyo kinapunguza matumizi ya data bila kumpeleka mtu wa kati. Mwekee Brave, fungua naye tovuti ya michezo anayoipenda, kisha mwonyeshe alama ya simba iliyo kando ya anwani. Akiigusa ataona idadi ya vitu vilivyozuiwa kwenye ukurasa huo mmoja. Nimeona watu wakishtuka kwa namba hiyo kuliko kwa mahubiri yoyote ya faragha.

Kama simu ni dhaifu mno na haiwezi kubeba kingine, basi Opera Mini ibaki ya kusomea habari na matokeo ya mpira, na kila kinachohitaji nenosiri kifanyike mahali pengine.

Nigusie pia UC Browser, kwa kuwa nayo ilishika sana simu za hali hiyo hiyo. Mwaka 2015 maabara ya Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, ilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba toleo lake la Android lilikuwa likivujisha taarifa za mtumiaji na za kifaa chake. Kwangu hiyo inatosha kutomwekea mtu.

Mchangiaji (Mwanza)

Mkuu, mimi nina duka la steshenari karibu na chuo, na kompyuta zangu zinatumiwa na watu wengi kutwa nzima. Naomba tuongelee hali hiyo, maana faragha inayozungumzwa mitandaoni karibu yote inadhani kila mtu ana kifaa chake.

Wakati wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, na nafasi za kazi zinapotangazwa kwenye Ajira Portal, vijana wanajaa. Anayemaliza anachukua karatasi zake na kukimbia, kwa sababu dirisha linafungwa saa sita usiku na mwenzake yuko nyuma anasubiri. Anaacha barua pepe yake ikiwa wazi. Anaacha cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Kivinjari kinamuuliza kama kihifadhi nenosiri, naye anabofya ndiyo bila kusoma. Mteja anayefuata akiandika herufi moja kwenye sehemu ya barua pepe, anaona orodha ya anwani za waliomtangulia. Hapo hakuna kampuni ya matangazo inayohusika. Anayemwona ni mwanafunzi mwenzake. Nifanyeje?

Mleta uzi (Morogoro)

Mkuu wa Mwanza, umeleta jambo ambalo pengine lina madhara ya haraka kuliko yote niliyoyaandika juu, na wenye maduka wenzako wangefaa kulisoma.

Hapa ndipo ile hali fiche, ambayo watu huisifia kwa kazi isiyoiweza, inafanya kazi yake halisi. Hali fiche haikufichi kwa tovuti wala kwa mtandao unaoutumia. Google yenyewe ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa sababu watu waliamini kwamba Chrome katika hali hiyo haikusanyi kitu, na katika makubaliano yaliyowasilishwa mahakamani Aprili 2024 ikakubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu za data. Maelezo yanayotokea unapofungua dirisha hilo nayo yalibadilishwa ili yaseme wazi kwamba tovuti bado zinaweza kukusanya taarifa zako. Kinachofanywa na hali fiche ni kusahau, kwenye kompyuta hiyo, kila kilichotokea mara madirisha yake yote yanapofungwa. Kwa duka lako, hicho ndicho unachokihitaji.

Kwenye Firefox ya kompyuta ingia sehemu ya faragha na usalama, tafuta historia, chagua isikumbuke kabisa. Kuanzia hapo kila dirisha linalofunguliwa ni la faragha, mteja hana haja ya kujua chochote. Zima swali la kuhifadhi manenosiri. Zima pia ujazaji wa fomu. Kisha jiwekee utaratibu wa kufunga madirisha yote kati ya mteja na mteja, kwa sababu dirisha lililoachwa wazi halisahau kitu.

Folda ya vilivyopakuliwa ni suala jingine, na watu wengi hudanganyika hapo. Faili lililopakuliwa katika hali fiche linabaki kwenye diski kama faili lolote. Ningekushauri uweke folda moja ya wateja juu ya meza ya kompyuta, uelekeze kivinjari kipakue humo, na uifute, pamoja na pipa la taka, mteja anapoondoka mbele yako. Ukiweza, fanya hivyo huku anaona. Usisahau mashine ya kuchapa na foleni yake, wala ile namba ya WhatsApp ya duka ambako wateja hutuma vyeti vyao vichapwe. Vyeti hivyo vinabaki kwenye simu yako hadi uviondoe.

Na kwa kuwa unahifadhi nakala za watu, ni vizuri ukasoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wenye maduka madogo wengi hudhani inawahusu wenye mabenki na makampuni ya simu pekee.

Mchangiaji (Arusha)

Nakubaliana na mengi, lakini kuna sehemu mbili naona umeipendelea Firefox.

Kwanza, watu wa usalama wamekuwa wakisema kwa muda mrefu kwamba kwenye Android, vivinjari vilivyojengwa juu ya Chromium (msingi wa msimbo huria ambao Chrome yenyewe imejengwa juu yake) vinatenganisha tovuti moja na nyingine ndani ya kumbukumbu ya simu kwa ukuta imara zaidi kuliko Firefox. Faragha bila usalama ni nusu ya kazi. Pili, mbona hujaitaja DuckDuckGo, ambayo inatimiza kigezo chako cha kwanza kikamilifu? Unaiweka, inaanza kuzuia, na kuna kitufe kimoja cha moto kinachofuta kila kitu.

Mleta uzi (Morogoro)

Hoja ya kwanza naikubali, na ndiyo maana kwa simu ya mtu mwingine nilisema Brave, ambayo imejengwa juu ya Chromium. Kwa simu yangu bado nachagua Firefox kwa sababu ya uBlock Origin. Google imebadilisha kanuni za viendelezi katika Chrome, na kuanzia 2024 hadi 2025 ikaviondoa vile vya mfumo wa zamani, uBlock Origin kamili ikiwemo. Imebaki ndugu yake mdogo, uBlock Origin Lite, asiye na nguvu zote. Chrome ya Android haijawahi kuruhusu viendelezi kwa mtumiaji wa kawaida. Firefox ya Android inaruhusu, na uBlock Origin kamili inafanya kazi humo kama kwenye kompyuta. Mtu anayetembelea tovuti chache anazozijua na kusasisha programu zake kila toleo linapotoka, uzito wa hatari unayoitaja kwake ni mdogo kuliko uzito wa vifuatiliaji anavyokutana navyo kila saa. Mwandishi wa habari anayeweza kulengwa na wadukuzi wenye fedha anapaswa kupima kinyume chake.

Kuhusu DuckDuckGo, ni kivinjari kizuri na sina kinyongo nacho. Mei 2022 mtafiti mmoja aligundua kwamba ilikuwa ikiviacha vifuatiliaji vya Microsoft vipite kwenye tovuti za watu, kutokana na mkataba wa utafutaji kati ya kampuni hizo mbili. Agosti mwaka huo ikatangaza kuanza kuvizuia. Tukirudi kwenye kigezo cha pili, hapo fedha zilikuwa zimeonyesha njia kabla ya mtumiaji kuiona. Baada ya marekebisho yale, mtu akiniambia anaitumia simwambii aiache.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Wakuu, mimi nilidhani mtaanza na VPN na Tor. Kivinjari chochote bila VPN si kazi bure? Na je, kwa nini nisitumie Tor kwa kila kitu nikamaliza?

Mleta uzi (Morogoro)

Si kazi bure, kwa sababu vinazuia watu tofauti. VPN humficha mtoa huduma wako wa mtandao tovuti unazokwenda, na huzificha tovuti anwani yako ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wako wa mtandao). Vidakuzi na alama ya kifaa haivigusi. Anayetumia VPN ndani ya Chrome akiwa ameingia kwenye akaunti yake ya Google bado anajulikana kwa jina, tena sasa ameongeza mtu mmoja zaidi anayeona safari zake zote, yaani kampuni ya VPN. VPN za bure zisizojulikana zinajiendeshaje, ndizo ninazoziogopa kuliko zote. Kwa walio Tanzania, kumbukeni pia kwamba Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN kujisajili, hivyo kila mmoja ajue anasimama wapi kabla ya kuamua.

Tor Browser ni kazi ya heshima kubwa. Inapitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta tatu za kujitolea, kila moja ikijua hatua yake tu, na inafanya watumiaji wake wote wafanane kadiri inavyowezekana. Ipo kwenye Android kwa toleo rasmi tangu 2019. Kwa kila siku, hata hivyo, ni nzito: kurasa zinachelewa, tovuti nyingi zinakudai uthibitishe kwamba wewe si roboti, na benki ikiona umeingia kutoka nchi nyingine inaweza kuifunga akaunti yako. Ukiingia humo kwenye barua pepe yenye jina lako, umejitambulisha mwenyewe. Iweke, ujue kuitumia, uitumie kwa lile jambo moja ambalo hutaki liunganishwe na jina lako.

Anayetaka ulinzi wa alama ya kifaa ulio karibu na wa Tor bila mwendo wake wa polepole, kuna Mullvad Browser kwa kompyuta, iliyotolewa Aprili 2023 kwa ushirikiano na Tor Project. Ni bure, na imetengenezwa itumike pamoja na VPN, kwa kuwa yenyewe haifichi anwani yako ya IP.

Mchangiaji (Nairobi)

Nimefuata uzi wote na nimeweka Firefox na uBlock Origin leo. Nimeongeza pia viendelezi vingine kadhaa vya faragha nilivyovikuta huko. Lakini nikibofya kiungo ndani ya Facebook, ukurasa haufunguki kwenye Firefox. Tatizo ni nini? Na manenosiri yangu yote yamo Chrome, nayahamishaje?

Mleta uzi (Morogoro)

Hongera kwa hatua hiyo. Kwanza viondoe viendelezi vya ziada, ubaki na uBlock Origin. Kila kiendelezi kinapata ruhusa ya kusoma kurasa zako, na wingi wake unaweza kukutofautisha na watu wengine, yaani unaizidishia nguvu ile alama tunayoipunguza.

Kuhusu Facebook, hujakosea popote. Programu za Facebook, Instagram na TikTok zina kivinjari chao cha ndani, na viungo hufunguka humo badala ya kwenye kivinjari ulichokichagua. Agosti 2022 mtafiti Felix Krause alionyesha kwamba kwenye iPhone kivinjari cha ndani cha Instagram na Facebook kilikuwa kikiingiza msimbo wake katika kurasa za tovuti za watu wengine. Gusa vile vidoti vitatu juu ya ukurasa, uchague kufungua katika kivinjari cha nje. Na kwenye mipangilio ya Facebook tafuta chaguo la kufungua viungo nje ya programu. Bora zaidi ni kuiondoa programu ya Facebook na kuifungua ndani ya Firefox, ambako haiwezi kukaa ikisikiliza kwenye milango ya simu. Ujumbe wa WhatsApp haupati shida hiyo kwenye Android, ilimradi uwe umeingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu za msingi, ukaiweka Firefox kuwa kivinjari chako.

Kuhusu manenosiri, njia ninayoiona rahisi ni kupitia kompyuta. Fungua msimamizi wa manenosiri wa Chrome, uyatoe kama faili la CSV, kisha kwenye Firefox ya kompyuta uliingize faili hilo katika sehemu ya manenosiri. Fungua akaunti ya Mozilla, uingie nayo kwenye kompyuta na kwenye simu, uruhusu usawazishaji, na yatatokea pande zote mbili. Alama za kurasa zako (bookmarks) nazo zitafuata kwa njia hiyo hiyo. Faili la CSV ni maandishi ya wazi ambayo yeyote akilifungua anasoma kila nenosiri lako, kwa hiyo usijitumie kwa barua pepe wala WhatsApp, na usifanye kazi hii kwenye kompyuta ya steshenari. Ukishathibitisha kwamba yameingia, lifute, lifute na kwenye pipa la taka, halafu urudi kwenye akaunti yako ya Google uyafute yaliyohifadhiwa huko na kuzima uhifadhi wa mapya.